Namba Yangu Ilinitangulia Minnesota

Wenzangu wakisimulia safari zao za masomo husema walikwenda kwa kiu ya elimu. Mimi sikuwa na kiu yoyote. Nilikwenda kwa sababu wafadhili waliiambia idara yetu pale Dar es Salaam kwamba haina hata mtu mmoja aliyesomea sera ya sayansi na teknolojia, ilhali kazi ya idara ilikuwa ni kuandika sera hiyo hiyo. Mkurugenzi akaona aibu, akainua macho, na meza iliyokuwa karibu na mlango wake ilikuwa yangu. "Zakaria, jiandae," akasema. "Unakwenda Marekani kuchukua shahada ya uzamili, ile ya utafiti." Nikaitikia "ndiyo, mzee" kabla hajafunga mdomo.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Chuo kilitaka nifike Septemba. Jalada langu la ruhusa likapanda ghorofa ya nne, likashuka ya pili, likalala wiki tatu chini ya jalada la mtu aliyekwisha kustaafu, likapatikana, likakutwa halina muhuri. Nikaondoka Januari. Mke wangu, Mama Neema, alinisindikiza hadi uwanja wa ndege akanipa wosia mmoja tu: "Kasome, baba Neema. Ila usinirudie hapa unaongelea puani."

Niwaeleze kabisa kazi yangu ilikuwa ipi, maana mengine yote yanatokana na hapo. Idara yetu ilikuwa imegawa mashine za mkono za kukamua mafuta ya alizeti kwa vikundi vya vijijini, mikoa ya kati. Kila mwaka tulitakiwa kuieleza dunia ni asilimia ngapi ya mashine hizo bado zinafanya kazi. Sehemu hiyo ya taarifa niliiandika mimi, nikiwa nimekaa kitini, karibu na feni.

Amsterdam, asubuhi. Nilisubiri ndege ya pili kwa saa sita, nimevaa suti ya Kaunda ya mikono mifupi. Fundi wangu wa Kariakoo aliniapia kwamba kitambaa chake ni kizito, hakipitishi baridi. Wazungu walinipita wakiwa wamejifunga makoti hadi masikioni, nami nikawaonea huruma kwa uoga wao.

Minneapolis, saa tisa alasiri. Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi yule kwa jina lake kamili na la baba yake. Milango ya uwanja wa ndege ilifunguka, pua ikakauka ndani kwa ndani, machozi yakatoka bila msiba. Aliyekuja kunipokea ni Kaka Samweli, mtu wa kwetu, aliyekwenda kule kusoma miaka mingi nyuma, akabaki. Sasa anapima usafi wa maji katika ofisi moja ya jimbo, Saint Paul. Alitazama mikono yangu mitupu, akaangua kicheko mbele za watu.

"Mdogo wangu, umekuja kusoma au umekuja kufa?"

Akanivika koti lake. Tulipofika kwake akatoa waya kwenye pua ya gari akauchomeka ukutani, kwenye umeme. Nikauliza gari linachajiwa? Akasema hapana, linapashwa moto, la sivyo asubuhi haliwaki. Ndani, mkewe Mama Upendo akamwambia binti yao aniamkie. Upendo, wa miaka tisa, alielewa kila neno, kisha akauliza kwa Kiingereza kwa nini baba mdogo amevaa nguo za kulalia.

Wiki ya pili, chuoni. Chuo kimekaa pande zote mbili za Mto Mississippi, na juu ya daraja wamejenga njia iliyofunikwa ili wanafunzi wavuke bila kugeuka barafu. Profesa wangu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sweta lenye viraka viwili vya ngozi kwenye viwiko. Akanipa mkono.

"Niite Carl."

"Ndiyo, Profesa."

"Carl."

"Sawa, Profesa Carl."

Tukaishia hapo hadi siku niliyoondoka.

Kila Jumanne tulikaa kuizunguka meza moja ndefu kuwajadili maskini. Chai ilikuwepo, na biskuti. Bwana mmoja mwenye ndevu, ambaye mwisho wa safari zake ulikuwa Wisconsin, jimbo la jirani, alitufafanulia kwa nusu saa nini hasa anachotaka mwanamke wa kijijini Afrika. Alijua kila kitu chake isipokuwa jina la hata mmoja. Mimi niliulizwa mambo mawili tu: kama nimewahi kuona simba, na kama wananchi walishirikishwa. Nilisema ndiyo kwa yote mawili. Simba nilimwona kwenye noti.

Semina ya tatu Profesa Carl aligawa taarifa ya shirika moja la kimataifa, jalada zuri linalong'aa. Tukafungua ukurasa aliotaka. Mashine za alizeti, Tanzania! Zetu! Na chini yake asilimia ya zile zinazofanya kazi. Sitaitaja hapa; imekwisha kutajwa vya kutosha duniani. Itoshe kusema ilikuwa kubwa, na ilikuwa na nukta.

"Hakuna kwingine ambako teknolojia ya namna hii imedumu hivi," Profesa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma neno kanisani. Mradi wake mzima wa utafiti ulisimama juu ya ukurasa ule. Akanigeukia. "Zakaria, wewe unatoka huko. Utatueleza kwa nini ilifanikiwa. Hiyo ndiyo tasnifu yako." Watu kumi na mmoja wakanitazama kwa heshima. Kichwa kikavimba, nikachukua biskuti ya pili.

Maktaba, mwishoni mwa Februari. Profesa Carl alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: usinukuu aliyenukuu. Fuata namba mpaka mahali ilipozaliwa. Basi nikafuata. Taarifa inayong'aa ilisema namba imetoka kwa mshauri mwelekezi fulani. Nikaitafuta ripoti ya mshauri, nikaipata kwenye ghorofa ya chini ya ardhi. Alisifia sana ukarimu wa hoteli za Dar es Salaam, na kuhusu namba akasema imetoka kwenye taarifa ya mwaka ya idara husika. Taarifa hiyo ikaagizwa kutoka maktaba ya mji mwingine. Ilichukua wiki mbili. Nilipoitwa kuichukua, niliitambua kabla sijaigusa. Ilikuwa imebanwa pini upande, na pini zile nilizibana mimi.

Nikafungua. Namba ile. Chini yake maandishi madogo: "Chanzo: utafiti wa mikoani."

Utafiti wa mikoani nilikuwa mimi.

Nilikaa chini pale pale, katikati ya makabati, nikaikumbuka Alhamisi ile. Wafadhili walikuwa wanakuja saa tisa. Fomu tulizopeleka mikoani hazikurudi, isipokuwa moja ya wilaya moja, na hiyo moja ilisema mashine nyingi zimeharibika. Mkurugenzi aliisoma akakunja uso. "Hii inatuangusha, Zakaria. Weka ya kueleweka." Nikaweka ya kueleweka. Tena kwa ujuzi wangu nikaiongezea nukta na tarakimu moja mbele yake, kwa sababu namba isiyo na nukta hufanana na ya kukisia. Saa tisa wafadhili waliipokea, wakaipigia makofi. Mwaka uliofuata Mkurugenzi, aliyekuwa akikaimu tu, akathibitishwa cheoni, mimi nikapewa meza ya karibu na mlango wake, na namba ikapanda ndege kabla yangu.

Msidhani nilijisikia mwizi. La! Kwanza nilijisikia maarufu. Hofu ilikuja baadaye, njiani nikirudi, nilipoelewa kilichokuwa mbele yangu. Nilitakiwa kuandika kurasa mia mbili kueleza sababu za mafanikio niliyoyatunga kwa dakika kumi. Nikikubali, napata shahada. Nikikataa, mradi wa profesa unaporomoka na mimi nikiwa ndani yake, na nyumbani ananisubiri Mkurugenzi ambaye cheo chake kimekalia namba ile ile.

Saint Paul, Jumamosi. Nikamweleza Kaka Samweli. Alisikiliza huku akikatakata nyama, wala hakushtuka.

"Sasa shida iko wapi?"

"Nimedanganya, kaka."

"Wewe na nani mwingine? Hapa watu wanakuja kuchukua digrii, hawaji kutubu. Andika, defend, rudi nyumbani. Kama unataka kutubu, kesho ni Jumapili."

Mama Upendo akamkanya, akaniongezea wali, lakini hakusema kwamba mumewe amekosea. Nikaona nimwendee mwenye mradi.

Chuoni, Jumatatu. Nilimweleza Profesa Carl yote, Mkurugenzi, fomu moja, nukta. Akavua miwani. Akainuka akafunga mlango. Nikajua nimekwisha.

"Ulikuwa na uzoefu wa miaka mingapi katika kazi hiyo?" akauliza.

"Saba."

"Basi hukutunga, Zakaria. Ulikadiria. Kitaalamu hayo huitwa makadirio ya mtaalamu." Akavaa miwani yake tena, uso ukachangamka. "Tena ni bora zaidi. Wewe mwenyewe ndiye chanzo! Ninaweza kukuhoji."

Jamani! Nilivuka bahari ili nifundishwe utafiti, kumbe nilikwenda kupewa jina la kitaalamu la uongo wangu! Na niseme ukweli: nililipenda jina lile. Jioni ile niliandika ukurasa mzima wa makadirio ya mtaalamu, ukatiririka bila kukwama popote. Sijawahi kuandika Kiingereza kizuri kama siku ile.

Wiki iliyofuata, barabarani. Theluji ilikuwa imekwamisha mabasi, na Mama Upendo akamwomba rafiki yake anayefanya naye kazi hospitalini anipeleke chuoni. Alikuwa Mkenya, Wambui, anakaa Brooklyn Park, na alikuwa na kazi mbili. Hiyo ya pili ni ya kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee. Anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine unaongea.

"Ticha, hiyo kitu unasomea inaitwa aje tena?"

"Sera ya sayansi na teknolojia."

"Na ukimaliza utaponya nani?"

"Hakuna."

"Haya, sawa tu." Akacheka. "Wacha nikuambie, jana wamefuta jamaa mmoja kazi pale kwetu. Yeye ni kutembea na chati akijaza presha za wazee, na hapimi! Imagine, kuna mzee alimwandikia presha poa kabisa, saa nne asubuhi. Kumbe mzee alikuwa amekufa tangu saa moja." Akaupiga usukani kwa kiganja. "Presha ya maiti, ticha! Poa kabisa, haina neno!"

Alicheka hadi taa nyekundu ikageuka kijani na magari ya nyuma yakapiga honi. Mimi sikucheka.

"Mbona hucheki? Alikuwa wa kwenu?"

"Ni wa kwetu," nikamwambia.

Akanitazama kidogo, akadhani ni baridi, akaongeza joto la gari. Mimi nilikuwa natazama theluji na kuziona mashine zile, zimelala kwenye vibanda vya watu huko, zimekufa miaka, na mimi nimeketi chini ya feni nikiziandikia presha nzuri. Yenye nukta! Yule jamaa alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Mimi nilipelekwa kusoma. Nikaona haya, haya ya kweli, ya kunichoma masikio. Nilipofika chuoni nikauchana ule ukurasa wa Kiingereza kizuri.

Nikamwambia Profesa Carl siandiki kwamba ni makadirio, kwa sababu sikukadiria, nilimfurahisha bosi. Sasa, watu wa Minnesota hawagombani. Mtu akikukasirikia anakutabasamia tu, halafu hana nafasi ya kuonana nawe. Nilitabasamiwa kwa wiki mbili mfululizo. Nikaanza kufunga sanduku kimoyomoyo. Hata bwana wa ndevu alinisogezea biskuti kwa upole wa msibani.

Siku ya kumi na tano Profesa akaniita. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amempigia simu mshauri mwelekezi, na watu wa lile shirika. Kila mmoja alimwambia aliamini kwa kuwa mwenzake aliamini.

"Na mimi niliamini kwa sababu ya nukta," akasema. "Nilidhani mtu aliyeweka nukta amepima." Akaifunga taarifa ile inayong'aa. "Mradi hautaongezewa muda. Nimekwisha kuwaandikia. Sasa andika hivyo: namba ilizaliwaje, ikasafirije, nani aliilisha njiani. Nami uniweke humo."

Nilimheshimu siku ile, na sijaacha. Lakini yeye alipoteza mradi tu. Mimi ilinibidi niandike nyumbani kuomba zile fomu za asili. Jibu la Mkurugenzi lilikuja kwa faksi, mistari mitatu: fomu husika zimeliwa na mchwa, mada uliyoichagua haina tija kwa taifa, rejea kwenye mada ya awali. Nililikunja nikaliweka kwenye kiambatisho cha kwanza cha tasnifu.

Mei, mwaka wa pili. Maprofesa watano walikaa kunihoji. Wa mwisho kuuliza alikuwa mama mmoja mzee wa uchumi ambaye muda wote alikuwa akifuma soksi.

"Kwa hiyo, ni mashine ngapi hasa zinazofanya kazi?"

"Sijui," nikasema.

Katika muda wote wa kuizunguka meza ile, sikuwahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo. Mama yule akaacha kufuma, akaandika kitu, na saa moja baadaye nikaambiwa nimefaulu. Kwa sharti la ufadhili, nakala moja ya tasnifu ilitumwa kwa mwajiri wangu. Kaka Samweli alipika pilau, akanipongeza, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika sitaki kubaki tu kule nikapime maji.

Dar es Salaam, Julai. Mkurugenzi alinipokea kwa mikono miwili. "Msomi wetu!" Akaniagizia chai, akauliza habari za theluji, akacheka sana habari za suti ya Kaunda. Tasnifu ilikuwa mezani kwake, nimeiona kwa macho yangu, na kikombe chake kilikuwa juu yake. Hakuitaja. Siku ya tatu nikapewa barua: kwa manufaa ya umma, unahamishiwa Singida.

Mama Neema aliisoma mara mbili.

"Kwa hiyo hiyo digrii ndiyo imetupeleka Singida?"

"Ndiyo."

"Za wenzako zinawapeleka Geneva." Kisha akaanza kufunga vyombo. Alinuna hadi Dodoma.

Singida, mwezi wa kumi. Ofisi yangu haikuwa na feni. Fomu ikaja kutoka makao makuu, ile ile niliyokuwa nikiituma mimi, yenye swali lile lile. Nikaazima baiskeli. Kwa wiki sita nilizunguka vijijini, nikaziona mashine moja moja, nikazishika. Moja kuku walikuwa wanaitagia. Nyingine ilikuwa imefungiwa mbuzi. Katika kijiji kimoja nilikuta akina mama watano wakiisukuma mashine yao, mafuta yanatiririka, na aliyekuwa akiiongoza alikuwa na spana kiunoni, ameichomeka kwenye kanga.

"Unatoka serikalini?" akaniuliza. "Haya, shika hapa, nikaze nati hii." Nikashika. "Sili ya kuzuia mafuta yasivuje imeisha, tumeweka kipande cha kandambili. Miaka yote hii mlikuwa wapi?"

"Ofisini, mama."

"Hee!" akasema, akaendelea kukaza.

Mkiniuliza nilichojifunza katika safari nzima, kuanzia Kariakoo hadi kwenye barafu na kurudi, ni kile kilichokuwa mbali kwa siku moja ya basi na baiskeli kutoka kwenye meza yangu. Nimezunguka dunia ili nifike Singida. Ni ujinga, na ni wangu, simsingizii mtu.

Nikajaza fomu, namba ndogo, haina nukta. Siku nne baadaye simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, kutoka Dar es Salaam, na hakuuliza habari za theluji.

"Zakaria, namba yako inatuangusha. Wafadhili wako hapa saa tisa. Iangalie tena."

"Nimeziangalia, mzee. Zote, kwa mkono wangu."

"Unataka kuniambia haiwezi kupanda?"

"Inapanda vizuri tu," nikamwambia. "Leta vipuri."